Vita Visivyotajwa: Usuli wa Kicheko katika Sehemu Moja ya "Fawlty Towers"

1.0 Utangulizi

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na swali nililoulizwa bwenini, swali ambalo usiku ule sikuweza kulijibu. Tulikuwa watu wanne chumbani, tumeizunguka kompyuta ya mwenzetu, tunatazama mchezo wa vichekesho wa televisheni ya Uingereza uitwao "Fawlty Towers". Sehemu tuliyokuwa tukiitazama inaitwa "The Germans", yaani Wajerumani. Ilipofika mahali ambapo mwenye hoteli, Mzungu mrefu, akiwa hospitalini, anamwona daktari mweusi na kushtuka, mimi nilicheka sana. Mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja hakucheka. Akanigeukia na kusema, "Wee Mngoni, hebu niambie, hapo umemcheka nani? Umemcheka daktari, au umemcheka Mzungu?"

Nilimjibu ovyo tu, mazungumzo yakaendelea. Mwenzangu huyo ni Mhehe wa Iringa, na mimi kwetu ni Songea, kwa hiyo ni mtani wangu wa haki kabisa. Maneno ya mtani hayaumi. Lakini swali lenyewe lilinikaa. Mwanafunzi wa fasihi asiyejua amemcheka nani anasoma nini hasa?

Katika madarasa yetu ya uhakiki huwa tunagawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kazi ya sanaa inajitosheleza: chukua matini, chambua fani na maudhui, basi. Wapo wanaosema huwezi kuitenga kazi na jamii iliyoizaa. Mimi nimekuwa nikijiita wa kundi la pili, lakini kwa vitendo nilikuwa wa kundi la kwanza. Mambo madogo madogo kama vile mchezo ulionyeshwa lini, mwigizaji alizaliwa wapi, jina fulani lililotajwa ni la nani, niliyaona kuwa ni ya wapenda mashindano ya chemsha bongo. Hoja yangu katika makala haya ni kinyume cha hapo. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika kichekesho, mambo hayo madogo ndiyo yanayoamua nani anachekwa na nani anacheka. Asiyeyajua anaweza kucheka vizuri tu, lakini anaweza kuwa anamcheka asiyestahili.

2.0 Kisa kwa Ufupi

Kwa wasioufahamu, mchezo huu ulionyeshwa na BBC2 katika mifululizo miwili: sehemu 6 mwaka 1975 na sehemu 6 mwaka 1979. Yaani jumla ni sehemu 12 tu. Watunzi wake ni John Cleese na Connie Booth, ambao walipotunga mfululizo wa kwanza walikuwa mume na mke. Waliachana mwaka 1978. Cleese anaigiza Basil Fawlty, mwenye hoteli katika mji wa pwani wa Torquay. Booth anaigiza Polly, mfanyakazi mwenye akili kuliko bosi wake.

Basil hakutoka hewani. Mwezi Mei 1970 kundi la wachekeshaji la Monty Python, ambalo Cleese alikuwa mmoja wao, lilifikia katika hoteli iitwayo Gleneagles huko Torquay. Mwenye hoteli, Donald Sinclair, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alimkosoa Terry Gilliam, ambaye ni Mmarekani, kwa namna alivyokuwa akishika kisu na uma. Begi la Eric Idle alilitoa nje akidhani lina bomu. Wenzake wakahama, Cleese akabaki kumchunguza mzee huyo. Miaka mitano baadaye dunia nzima ikamjua kwa jina jingine.

Sehemu ya "The Germans" ilionyeshwa tarehe 24 Oktoba 1975, nayo ndiyo ya mwisho katika mfululizo wa kwanza. Kwa kawaida mchezo hufunguka kwa kuonyesha kibao cha hoteli ambacho herufi zake zimevurugika. Safari hii unafunguka hospitalini, ambako Sybil, mke wa Basil, amelazwa ili afanyiwe upasuaji wa ukucha wa kidole cha mguu. Basil anabaki peke yake na hoteli. Anatundika ukutani kichwa kilichokaushwa cha mnyama mkubwa mwenye pembe pana. Anafanya zoezi la tahadhari ya moto likamshinda. Moto wa kweli unawaka jikoni, anapigwa kichwani, analazwa akiwa na mtikisiko wa ubongo, anatoroka hospitalini, na anafika hotelini wakati wageni wa Kijerumani wameshawasili. Anawaonya wafanyakazi wake wasitaje vita. Baada ya hapo yeye mwenyewe hataji kitu kingine ila vita.

3.0 Mwaka 1975: Soko na Kura

Msomaji atakubaliana nami kuwa mtu anayesikia onyo la kutotaja vita atadhani kwamba mchezo unahusu mwaka 1945. Nami nilidhani hivyo. Kumbe unahusu mwaka 1975.

Uingereza ilijiunga na Soko la Pamoja la Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Baadhi ya wananchi hawakuridhika, na tarehe 5 Juni 1975 ikapigwa kura ya maoni kuamua kama nchi ibaki au itoke. Asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ibaki. Mchezo ulionyeshwa miezi minne na nusu baadaye. Sasa msikilize Basil anapowakaribisha wageni wake. Anawaambia kwamba sasa wote wako pamoja katika Soko, kwamba yeye binafsi hakulipigia kura, lakini kwa kuwa wameshaingia, atajitahidi lifanikiwe. Mtazamaji wa Oktoba 1975 alikuwa na kura hiyo bado kichwani. Alikuwa anajua ni jirani gani alipiga ndiyo na ni shemeji gani alipiga hapana. Basil ni yule shemeji.

Kwa hiyo Wajerumani walioketi mezani si askari wa Hitler. Ni washirika wapya wa kibiashara, watu waliokuja kutumia fedha zao katika mji ambao unaishi kwa wageni. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 30 nyuma. Mjerumani mwenye umri wa miaka 35 mwaka 1975 alikuwa na miaka 5 tu vita vilipokwisha. Ndiyo maana mwanamke mmoja katika kundi lile anapoanza kulia, na mwenzake anapomwambia Basil kwamba jambo hili halichekeshi, kicheko cha mtazamaji kinakwama kooni kidogo. Watunzi wamemweka Mjerumani katika nafasi ya mwenye adabu, na Mwingereza katika nafasi ya mshenzi. Kwa watu waliokulia katika filamu za vita zilizokuwa zikionyesha kinyume chake kila Jumapili, huo ulikuwa ugeuzaji mkubwa.

Ukiiondoa kura ya Juni 1975, unabaki na mzee mwenye chuki anayewatukana wageni. Ukiirudisha, unamwona mtu ambaye serikali yake imemwamuru asahau, naye hajui kusahau kunafanywaje. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa.

4.0 Majina Mezani

Tuje sasa kwenye tukio lenyewe la chakula, ambalo ndilo kitovu cha sehemu hii. Wajerumani wanaagiza vitu vya kawaida tu: kamba, mayai, saladi. Basil anapoyarudia maagizo yao, kila chakula kinageuka kuwa jina la vita. Kwa Kiingereza kamba huitwa "prawn", na hapo hapo anazuka Eva Braun, mwanamke aliyefunga ndoa na Hitler siku moja kabla ya wote wawili kujiua mwezi Aprili 1945. Anafuata Goebbels, waziri wa propaganda. Anafuata Goering, mkuu wa jeshi la anga. Halafu inaletwa saladi ya Colditz.

Hapo kwenye Colditz ndipo niliposimamisha mchezo na kuuliza. Hitler tunamjua sote, lakini Colditz ni nini? Ni ngome huko Saxony, Ujerumani, ambamo maofisa wa majeshi ya Uingereza na washirika wake walifungwa wakati wa vita, hasa wale waliokuwa na tabia ya kutoroka kambi nyingine. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba kati ya mwaka 1972 na 1974 BBC yenyewe ilionyesha mchezo wa mfululizo uitwao "Colditz". Mtazamaji wa 1975 hakulipata jina hilo vitani. Alilipata sebuleni kwake, juzi tu. Vita vinavyomtoka Basil mdomoni ni vile vya televisheni. Hapo tashtiti inaelekezwa kwa chombo kile kile kinachouonyesha mchezo: wanaowalisha watu vita kila wiki wasishangae watu wakishindwa kuacha kuvitaja.

Hali kadhalika ule mwendo. Basil anajaribu kumfurahisha yule mwanamke anayelia kwa kumwigiza Hitler, kidole chini ya pua, miguu ikirushwa juu kama katika gwaride la Wanazi. Mtu anaweza kuona ni kejeli ya gwaride na kuishia hapo. Lakini mwezi Septemba 1970 Cleese huyu huyu alikuwa ameigiza na Monty Python kichekesho cha wizara ya serikali inayoshughulikia miendo ya kipuuzi, na miguu yake mirefu ikawa maarufu nchi nzima. Inasemekana mara nyingi kwamba watu walikuwa wakimwomba arudie ule mwendo. Hapa ameurudia, ila safari hii anauonyesha mbele ya watu ambao hawawezi kuucheka. Mwendo ule ule uliokuwa upuuzi mtupu umekuwa kidonda. Mbinu hii ya kuchukua kichekesho cha zamani na kukiweka mahali kinapouma, kwa maoni yangu, ndiyo fani bora kuliko zote katika sehemu hii.

5.0 Maisha ya Waigizaji

Kuna wahakiki watakaosema kwamba maisha ya mwigizaji hayana nafasi katika uhakiki. Mwigizaji ni chombo tu. Nakubali kwa kiasi. Lakini hebu tuwatazame watu wanne.

Wa kwanza ni Cleese mwenyewe. Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1939, vita vikiwa havijatimiza miezi miwili. Kwa hiyo Basil anayevitaja vita kila neno anaigizwa na mtu ambaye vita alivijua akiwa mtoto mdogo tu.

Wa pili ni Ballard Berkeley, anayeigiza Meja Gowen, mstaafu anayeishi hotelini na ambaye akili yake imebaki zamani. Wakati wa vita Berkeley alikuwa askari polisi wa kujitolea London, katika miezi ile ambayo mji ulikuwa ukipigwa mabomu usiku. Kwenye mchezo, neno Wajerumani linapotajwa, Meja anawaka. Yule mzee aliyekuwa akiigiza alikuwa na sababu za kuwaka kuliko mhusika wake, lakini anaigiza kwa upole wa ajabu. Ni kama mtu anayelicheka kovu lake mwenyewe.

Wa tatu ni Andrew Sachs, anayeigiza Manuel, mhudumu kutoka Barcelona asiyejua Kiingereza. Manuel ndiye anayepigwa, anayesukumwa, anayeitwa mjinga. Katika sehemu hii anaunguza jikoni, na katika kuigiza moto ule Sachs aliungua kweli, kwa sababu ya kemikali zilizopakwa kwenye nguo yake ili zitoe moshi. Nilipotafuta alizaliwa wapi, nilibaki mdomo wazi. Alizaliwa Berlin mwaka 1930. Baba yake alikuwa Myahudi. Familia ilikimbilia London mwaka 1938, yeye akiwa mtoto wa miaka minane. Alipopewa nafasi ya Manuel aliuliza kama mhudumu huyo hangeweza kufanywa Mjerumani, maana lafudhi hiyo ilikuwa yake. Akaambiwa hapana, awe Mhispania.

Sasa rudi kwenye chumba kile cha kulia. Mwingereza anawapigia kelele Wajerumani kuhusu Hitler. Kati ya waigizaji wakuu waliomo hotelini, mtu ambaye Hitler alimfukuza kwao ni yule Mhispania anayebeba sahani. Mchezo wenye kanuni ya kutotaja vita umemficha ndani yake mtu ambaye maisha yake ni vita hivyo, na wala haumtaji. Sijui kama watunzi walikusudia. Kwa mhakiki hilo halizuii kitu. Kinaya kipo pale, kinaonekana.

Na huyo Manuel ana kisa kingine. Mchezo ulipopelekwa Hispania, ilikuwa shida kumwonyesha Mhispania mjinga kwa Wahispania. Wakamfanya Mwitaliano. Wakatalani nao, ambao Barcelona ni mji wao, wakamfanya Mmeksiko. Kila taifa lilitaka kichekesho kibaki, ila mjinga atoke kwa jirani.

Wa nne ni yule daktari aliyenichekesha. Jina lake mchezoni ni Dokta Finn. Mwigizaji ni Louis Mahoney, aliyezaliwa Gambia mwaka 1938, katika mji uliokuwa ukiitwa Bathurst na ambao leo ni Banjul. Alikwenda London kusomea udaktari, akauacha, akaingia chuo cha uigizaji. Kwa hiyo Basil anashtuka kumwona Mwafrika amevaa koti la daktari, na ndani ya koti hilo yumo mtu aliyevuka bahari kwa nia ya kulivaa kweli.

Ukumbuke pia mwaka. Mwezi Aprili 1968 mwanasiasa Enoch Powell, aliyewahi kuwa Waziri wa Afya, alikuwa ametoa hotuba yake ya kuwatisha Waingereza juu ya wahamiaji. Mwaka 1972 Waasia kama 28,000 waliofukuzwa Uganda na Idi Amin walipokewa Uingereza, na kelele za kupinga zilikuwa kubwa. Huku nyuma hospitali za Uingereza zilikuwa zikiendeshwa kwa mikono ya madaktari na wauguzi kutoka Bara Hindi, visiwa vya Karibi na Afrika. Mtu wa kawaida aliwasikia wahamiaji wakisemwa magazetini, akaenda kutibiwa nao. Basil hashtuki kwa kuwa daktari mweusi ni kitu kigeni. Anashtuka kwa kuwa ni wa kawaida, naye peke yake ndiye hajapata habari.

6.0 Meja na Uwanja wa Kriketi

Nimefika mahali pagumu, na sitapita pembeni. Katika sehemu hii Meja anamsimulia Basil juu ya mwanamke aliyempeleka kutazama timu ya India ikicheza kriketi kwenye uwanja wa Oval, London. Anasema mwanamke yule alikuwa akiwaita Wahindi kwa tusi fulani, naye Meja akamsahihisha: tusi hilo, alimwambia, ni la watu wa visiwa vya Karibi, Wahindi wana tusi lao jingine. Matusi yenyewe sitayaandika hapa.

Maneno hayo yamekuwa na historia yake. Mwaka 2013 BBC iliyakata iliporudia kuonyesha sehemu hii. Mwezi Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis tarehe 25 Mei na maandamano kuenea hadi Uingereza, kampuni ya UKTV iliiondoa sehemu nzima kwenye huduma yake, kisha ikairudisha ikiwa na tahadhari kwa watazamaji. Cleese alikasirika. Alieleza kwamba Meja ni masalio ya zama zilizopita na kwamba mchezo unamcheka yeye, haumuungi mkono. Mwezi ule ule wa Juni 2020 Louis Mahoney alifariki dunia. Halafu mwaka 2024, "Fawlty Towers" ulipopandishwa jukwaani katika ukumbi wa Apollo, London, na "The Germans" ikiwa miongoni mwa sehemu tatu zilizotumika, Cleese mwenyewe aliyaondoa maneno yale ya Meja.

Sasa, je, Cleese alikuwa sahihi mwaka 2020 au mwaka 2024? Wenzangu darasani waligawanyika. Wengine walisema kumkata Meja ni kuufuta ushahidi; wengine walisema ushahidi gani huo unaochekesha? Mimi naona kila upande umeshika kitu, lakini wote wameacha jambo moja: kriketi yenyewe.

Meja hasemi ni mwaka gani alikwenda Oval. Lakini mtazamaji wa 1975 aliposikia India na Oval, alikuwa na jambo la kukumbuka. Mwezi Agosti 1971, kwenye uwanja huo huo, India iliifunga Uingereza katika mechi ya majaribio, ikawa mara yake ya kwanza kushinda mechi ya namna hiyo katika ardhi ya Uingereza, na ikachukua mfululizo wote. Chandrasekhar alirusha mipira siku ile Waingereza wakamalizwa kwa mikimbio 101. Na watu wa visiwa vya Karibi? Tarehe 21 Juni 1975, miezi minne kabla ya mchezo kuonyeshwa, timu yao chini ya nahodha Clive Lloyd ilitwaa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, katika uwanja wa Lord's, London. Lloyd peke yake alipata mikimbio 102. Kwa taarifa ya msomaji, timu ya Afrika Mashariki nayo ilikuwapo katika kombe hilo, wachezaji wakitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilifungwa mechi zake zote tatu, kwa hiyo tusijivune sana.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba Meja anabishana juu ya tusi lipi ni la nani, wakati wenye kutukanwa wameshamshinda nyumbani kwake, katika mchezo alioubuni yeye. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa. Jibu la Wahindi na la Wakaribi halikuwekwa katika matini; lilikuwa limeshatolewa uwanjani. Lakini sisi tunaotazama leo, mbali na pale, tunalisikia tusi na hatulisikii jibu. Tusi limo katika kanda, jibu limo katika usuli.

7.0 Mizani ya Utani

Niruhusu sasa nipime kwa mizani ya nyumbani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani. Mtani anaweza kuja msibani kwetu akazuia mazishi mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika. Mimi na mwenzangu wa chumbani huvitaja vita kila siku iendayo kwa Mungu. Yeye hunikumbusha jinsi babu zangu walivyokimbia, nami humkumbusha vivyo hivyo, na wala hatukubaliani nani alishinda. Tena sote wawili tuna Wajerumani wetu. Yeye ana Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kushikwa nao. Mimi nina mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani Songea tarehe 27 Februari 1906.

Utani una masharti, ingawa hayakuandikwa. Kwanza, wote wawili wanaijua historia. Pili, anayetaniwa yupo. Tatu, ana haki ya kujibu. Likikosekana la kwanza, utani ni matusi. Likikosekana la pili, kwetu huitwa kusengenya. Likikosekana la tatu, ni uonevu.

Hebu tuipime "The Germans" kwa masharti haya. Wajerumani wapo chumbani, historia wanaijua kupita kiasi, na mwishoni wanajibu: Basil akiwa ameanguka na kile kichwa cha mnyama kimeshafanya kazi yake, Mjerumani mmoja anashangaa, hawa watu walishindaje vita? Wamejibu, tena kwa neno kali kuliko yote. Manuel yupo, na kuna mahali ambapo sauti yake inatoka nyuma ya meza akijizoeza Kiingereza, Meja akadhani ni yule mnyama ukutani anayezungumza. Mjinga wa hoteli amemdanganya Meja bila hata kukusudia. Amejibu. Dokta Finn yupo, na jibu lake ni la vitendo: yeye ndiye mwenye elimu, Basil ndiye mwenye kichwa kilichopasuka, na daktari anamfuata mpaka hotelini na sindano yake.

Wahindi na Wakaribi wa Meja hawapo. Wanatajwa, wanatukanwa, na hawana hata mhusika mmoja wa kufungua mdomo. Basil mwenyewe anamwitikia Meja tu. Kwa mizani ya utani, mahali hapo pana kasoro, na nadhani ndiyo sababu mkasi wa wakataji, 2013 na 2024, ulikata pale pale na si kwenye Hitler wala kwenye Manuel. Cleese anaposema tunamcheka Meja, anasema kweli, lakini anategemea mtazamaji alete jibu kutoka nyumbani. Mwaka 1975 alilileta. Baada ya miaka 50 wengi hatunalo.

8.0 Hitimisho

Kwa ufupi, makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba usuli wa kichekesho si mapambo. Kura ya maoni ya Juni 1975 inamgeuza Basil kutoka mchokozi kuwa mtu aliyeachwa na wakati. "Colditz" inaigeuza tashtiti iilenge televisheni yenyewe. Berlin ya 1938 inamgeuza Manuel, na Lord's ya 1975 inamgeuza Meja. Sikusudii kusema kila kichekesho cha zamani kisamehewe kwa sababu kina historia. Nasema kwanza tujue, ndipo tuhukumu. Na tukishajua, tunaweza kuonyesha kidole mahali hasa penye kasoro badala ya kuitupa kazi nzima au kuitetea nzima.

Tena nawashauri wenzangu tunaoandika juu ya vichekesho vyetu wenyewe, vya redio, vya jukwaani na vya televisheni, tuanze kuandika usuli wake mapema, wakati waliovicheka bado wako hai wa kutueleza walicheka nini. Tusipofanya hivyo, wajukuu zetu watabaki na matusi peke yake.

Na kwa mtani wangu wa chumba namba ile ile: swali lako nimelifanyia kazi wiki tatu. Usiku ule nilimcheka daktari. Nilicheka kwa sababu yule Mzungu alishtuka, nami bila kufikiri nikashtuka pamoja naye, kana kwamba hata mimi sikutegemea kumwona mtu wa rangi yangu amevaa lile koti. Jambo hilo limenisumbua kuliko maneno yote ya Meja. Juzi niliitazama tena. Daktari alipoingia nilimwangalia yeye, nikakumbuka Banjul na masomo aliyoyaacha, na kicheko kilikuja tena, ila safari hii kilikwenda kwa Basil. Nimekujibu. Sasa nawe nijibu lile la babu yako alikimbilia wapi.